Spiriti na mafuta ya kula vinaharibu oganaiza za ngozi, Mhariri tusaidie kusahihisha

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ile safu yenu ya vidokezo vya nyumbani huwa naisoma kabla hata ya habari za ukurasa wa mbele, kwa hiyo naomba mnipokee kama mtu wa ndani. Ila kile kidokezo cha juzi cha kusafisha oganaiza za ngozi, zile za ringi ambazo mtu anaweka humo kalenda yake, namba za watu, ratiba na kila kitu, hapana kwa kweli. Mmeandika kwamba ili ngozi irudi kung'aa uifute kwa spiriti au sanitaiza alafu uipake mafuta ya kula kwa pamba. Watu wanawaamini, watafanya hivyohivyo, na baada ya muda watabaki na jalada lenye mabaka na harufu, na watasema ngozi za siku hizi hazina ubora wakati ngozi yenyewe haikuwa na tatizo lolote.

Nianze na spiriti. Ngozi nyingi za oganaiza zinatengenezwa kiwandani kwa chumvi za kromu, zinapakwa rangi, alafu juu ya rangi linawekwa tabaka jembamba sana la kinga, na hilo tabaka ndo linaloipa mng'ao na ndo linalozuia jasho la mikono na maji visiingie haraka. Spiriti inayeyusha. Uchafu inautoa, sikatai, lakini inatoa na kinga na rangi kwa pamoja, we angalia tu pamba yako ukimaliza, kama jalada ni la bluu pamba nayo itakuwa ya bluu, na hapo mtu anafurahi anadhani ametoa uchafu kumbe amekwangua rangi. Sehemu uliyosugua sana inabaki na baka jeupejeupe ambalo ukiligusa linakwaruza kidogo tofauti na sehemu nyingine, na kuanzia siku hiyo kila mkono wenye jasho unaacha alama hapo. Wipes za watoto nazo ziwe mbali, na dawa ya kutoa rangi ya kucha ndo kabisa msiitaje, hiyo inamaliza kinga kwa mfuto mmoja.

Mafuta ya kula nayo yana tatizo lake. Hayakai vizuri ndani ya ngozi, yanaoza polepole kwa kukutana na hewa, ndo ile harufu unayoisikia ukifungua, yanavuta vumbi, yanaifanya ngozi iwe nyeusi kwa mafungu mafungu, na kwa oganaiza kuna ubaya mwingine ambao kwenye viatu haupo, mafuta yanapita kwenye bitana yanaingia kwenye karatasi. Karatasi ikishanyonya mafuta hayatoki tena, unakuta ukurasa wa kwanza na wa mwisho vina duara la njano na peni haishiki hapo. Kiwi ya viatu pia isitumike, ile imetengenezwa ikae juu ya kiatu kinachopigwa brashi kila siku, ukiipaka kwenye kitu unachokishika kwa mikono na kukiweka kwenye begi pamoja na shati jeupe utaona mwenyewe matokeo.

Sasa njia yenyewe inayofaa ni nyepesi na haihitaji vitu vingi. Toa karatasi zote kwanza, zote, usiseme utakuwa mwangalifu. Toa na kadi mifukoni, toa peni. Fungua jalada lote lilale, pitisha brashi laini kavu kwenye mishono na kwenye ile mikunjo ya mifuko maana vumbi la karatasi linajificha humo na vumbi ukililowesha kabla ya kulitoa unatengeneza tope. Alafu chukua kitambaa laini cha pamba, cheupe ikiwezekana ili uone kinachotoka, kiloweshe maji ya uvuguvugu, kikamue mpaka kisidondoshe hata tone, kiguse sabuni ya gliserini au sabuni yoyote isiyo kali, kidogo tu, na ufute kwa mzunguko bila kukandamiza. Futa jalada zima hata kama uchafu uko kona moja, kwa sababu ngozi ikiloa sehemu moja ikikauka inaacha mstari pale maji yalipoishia, lakini ikipata unyevu sawasawa inakauka sawasawa. Rudia na kitambaa kingine chenye maji matupu, alafu kikavu. Acha ikauke kivulini, jalada likiwa wazi, penye hewa. Juani hapana, karibu na jiko hapana, draya ya nywele hapana, joto linaifanya ngozi ikakamae na kusinyaa na ikishasinyaa hakuna losheni itakayoirudisha ilivyokuwa.

Losheni ya ngozi unapaka ikishakauka kabisa, na sio kila mara. Kama ngozi bado ni laini na haionyeshi michirizi midogo kwenye uti inapokunjwa, haihitaji kitu. Ikianza kuonekana kavu pale kwenye kunjo, paka kidogo sana, jaribu kwanza sehemu isiyoonekana mfano ndani ya mfuko wa nyuma, subiri mpaka kesho yake uone kama rangi imebadilika. Mikono safi yenyewe inailainisha ngozi kwa kuishika kila siku, wanaotumia oganaiza zao kila siku mara nyingi wana ngozi nzuri kuliko wanaozifungia kabatini. Zile ngozi zilizotengenezwa kwa magome ya miti, ambazo huwa na rangi ya asali na zinakolea kadiri unavyozitumia, hizo zinashika alama ya tone la maji haraka sana kwa hiyo zifutwe kwa unyevu mdogo zaidi. Na swedi, ile ngozi yenye uso wa manyoya mafupi, usiiguse kwa maji wala losheni, ni brashi kavu na raba ya kufutia penseli basi.

Kuna watu watasoma hapa wakati oganaiza yao sio ngozi ni ngozi bandia, na hawa nawaonea huruma kidogo maana ile ya poliyurethani hata ukiitunza vipi unyevu wa hewa unaivunja taratibu kutoka ndani, inaanza kunata alafu inabanduka maganda. Ukiipaka losheni ya ngozi haisaidii chochote, haiingii. Ifute kwa kitambaa chenye unyevu, ikaushe, iweke penye hewa kavu, na ikianza kubanduka ujue umri wake umefika, hamisha karatasi zako kwenye jalada jingine mapema kabla vile vipande havijaanza kuganda kwenye kurasa.

Madoa ntayapitia harakaharaka. Doa la mafuta, mwagia poda ya kawaida isiyo na rangi ikae usiku mzima, kesho ipige brashi, rudia kama bado. Wino wa peni kwenye ngozi, ufyonze hapohapo kwa tishu kavu bila kusugua, ukishakauka ujue utakaa nao, kubali, kuliko kuufukuza kwa spiriti ukaacha baka kubwa mara tano ya doa lenyewe. Fangasi, zile alama nyeupe kama unga unazokuta baada ya oganaiza kukaa kwenye droo, zitoe nje ya nyumba kwa brashi ambayo hutaitumia kwa kitu kingine, futa kwa kitambaa chenye unyevu mdogo, acha jalada wazi penye hewa mpaka likauke kabisa. Fangasi wanapenda hewa yenye unyevu wa zaidi ya kama asilimia 65, kwa hiyo kuwafuta bila kubadilisha unapoiweka ni kazi ya bure. Vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu msivitupe, weka viwili kwenye droo. Na usifunge oganaiza kwenye mfuko wa plastiki ukidhani unailinda, unafungia unyevu humohumo ndani.

Haya, sasa nifike kwenye kitu ambacho ndo hasa kimenifanya nikae niandike barua ndefu hivi, na ambacho kidokezo chenu hakikukigusa hata kwa neno moja. Ringi. Jalada likichakaa bado unalitumia, na wengine tunalipenda zaidi likichakaa, lakini ringi zikiacha kufunga vizuri oganaiza nzima haina kazi, kila ukigeuza ukurasa unakwama, tundu linachanika, karatasi zinaanza kudondoka moja moja na hujui ni ipi imepotea. Mi naona oganaiza nyingi zinatupwa kwa sababu hiyo na sio kwa sababu ya ngozi.

Na zinaharibika kwa namna ya kuzifungua. Mtazame mtu yeyote mwenye oganaiza, wengi wanashika ringi mbili za katikati kwa vidole wanazivuta huku na huku mpaka zinatoa ule mlio wa "ta!". Ndani ya ule ukanda wa chuma wa katikati kuna vibati viwili virefu vyembamba vimelala ubavu kwa ubavu, kila kibati kimebeba nusu ya kila ringi, na ukanda wa juu umevibana kama springi. Vikisukumwa chini vinakaa hivyo, vikisukumwa juu vinakaa hivyo, katikati haviwezi kukaa, ndo maana ringi zinafunguka zote kwa mpigo na kufunga zote kwa mpigo. Sasa ukivuta ringi za katikati peke yake, kibati kinasukumwa pale katikati wakati ncha zake bado zimebanwa, kinajipinda. Kidogo sana, huoni kwa macho. Lakini rudia hivyo kila siku na baada ya muda ringi mbili zinafunga vizuri na nyingine zinaacha mwanya.

Vile vikono viwili vya ukanda, kimoja ncha ya juu kimoja ncha ya chini, viliwekwa kwa sababu hiyo. Laza oganaiza mezani, weka kidole gumba kimoja kwenye kila kikono, sukuma vyote kwa wakati mmoja. Kufunga vilevile, kama vikono vya kwako vinafunga, vitumie, kama vinafungua tu basi shika ringi ya juu kabisa na ya chini kabisa, mkono huu na mkono huu, zilete pamoja taratibu, usiziache zijipige zenyewe. Na oganaiza ikiwa mezani, sio hewani, sio kwenye goti ndani ya gari. Wafundisheni na watoto na wenzenu wa ofisini wanaoazima karatasi, maana wewe unaweza kuitunza vizuri alafu mtu akaja kuomba ukurasa mmoja akavuta za katikati.

Kitu cha pili kinachoua ringi ni kujaza. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa kama milimita 0.1, kwa hiyo karatasi 100 ni sentimita moja nzima, na hapo hujaweka vigawanyo, mifuko ya plastiki, rula, vipande vya noti za kunata na risiti. Ringi ni duara, kwa hiyo kipenyo chake chote sio nafasi ya karatasi, pale juu na pale chini duara linabana. Mi naona ukifika theluthi mbili ya ringi inatosha. Dalili ya kuzidi ni hii, ukifunga jalada kurasa za mbele zinajikunja kufuata ringi na ukifungua zinakuwa na mgongo kama wimbi, na kile kifungo cha kubana unakifunga kwa kulazimisha. Ukiona hivyo punguza siku hiyohiyo, usisubiri mwisho wa mwaka. Na weka kile kibao chembamba cha plastiki chenye matundu mbele na nyuma ya karatasi, wengi wanakitupa siku ya kwanza wakidhani ni cha pakiti tu, kumbe kazi yake ni kuzinyanyua karatasi zisibanwe chini ya ringi jalada linapofungwa.

Kukagua ringi ni kazi ya dakika mbili. Toa karatasi zote, funga ringi, inua oganaiza ielekee dirishani, tazama kila ringi pale ncha zinapokutana. Ukiona mstari wa mwanga unapita hapo kuna mwanya. Alafu chukua ukingo wa karatasi nyembamba uupitishe juu ya kila maungio, ukiteleza bila kukwama ringi hiyo ni nzima, ukinasa hapo ndipo matundu yako yanapochanikia. Pitisha na ukucha, ukucha unaona vitu ambavyo jicho halioni. Ncha nyingi zina vijino vinavyoingiliana, kwa hiyo wakati mwingine hakuna mwanya ila zimepishana kidogo pembeni.

Kabla hujashika plaizi, safisha kwanza, maana mara nyingi kinachozuia ringi kufunga ni kipande cha karatasi kilichoingia chini ya ukanda au uchafu mweusi uliojikusanya. Fungua ringi, chukua zile pamba za masikioni zikiwa kavu, zipitishe kwenye mfereji wa pembeni ya ukanda na kuzunguka shina la kila ringi. Utashangaa zinavyotoka nyeusi, ule weusi ni vumbi la chuma na nyuzi za karatasi vimechanganyika. Hapa ndo spiriti ina kazi yake Mhariri, tone moja kwenye pamba, kwenye chuma peke yake, na ukiweka kipande cha karatasi juu ya ngozi pembeni isiguswe. Ikishakauka, chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye mafuta ya cherehani, iguse pale vikono vinapoingia kwenye ukanda, juu na chini, tone dogo kabisa, fungua na kufunga mara kadhaa, futa yote yanayoonekana. Usipulizie dawa za kopo, zile zinatawanyika mpaka kwenye bitana na huwezi kuzirudisha. Alafu usirudishe karatasi zako siku hiyo, weka karatasi chakavu chache zilale humo usiku mzima zinyonye mafuta yaliyobaki.

Kutu ikianza, ujue ile nikeli ya juu imelika na chuma kimeonekana. Ukiiwahi, raba ngumu ya kufutia wino inaitoa, malizia na kitambaa chenye mafuta ya cherehani kidogo sana na ufute mpaka pawe pakavu. Ukichelewa itakuwa inachora duara la kahawia kwenye kila tundu la kila karatasi.

Kama baada ya kusafisha bado kuna ringi imepishana, funga kitambaa kwenye mdomo wa plaizi, shika nusu ile iliyotoka kwenye mstari, isogeze kidogo sana, funga uangalie, rudia. Ukisogeza kwa nguvu mara moja unaivunja pale kwenye shina na hapo hakuna gundi. Mwanya mdogo ambao ukingo wa karatasi haunasi, uache, hauna madhara. Na ringi zikishakufa kabisa, bado usitupe jalada. Ukanda wote umeshikiliwa kwa ribiti, mara nyingi mbili, moja juu moja chini, na fundi mzuri wa mikoba na viatu anaweza kuzitoa akafunga ukanda mwingine. Unachotakiwa kwenda nacho ni vipimo. Zile za saizi ya kati ambazo ukurasa wake ni milimita 95 kwa 171 zina ringi sita kwenye makundi mawili ya tatu tatu, kutoka ringi hadi ringi ndani ya kundi ni milimita 19 na kati ya kundi na kundi ni 51. Za A5 ni 19 hivyohivyo lakini katikati ni 70. Zile ndogo za mfukoni zote sita zimepangwa sawasawa kwa 19. Pima na umbali kati ya ribiti na ribiti, pima kipenyo cha ringi, andika, usiende kwa kukisia maana ukikosea milimita chache karatasi zako zote za miaka hazitaingia.

Karatasi zenyewe sina mengi. Tundu lililochanika libandike selotepu nyembamba inayoangaza pande zote mbili utoboe upya kwa panchi, ni bora kuliko zile stika za duara kama kurasa ni nyingi, kwa sababu stika zinaongeza unene upande wa ringi tu na rundo lote linainama. Mifuko ya plastiki chagueni ile inayolialia ukiikunja, ya polipropilini, ile laini yenye harufu kali ya plastiki mpya ni PVC na ina vilainishi ndani vinavyovuta wino wa printa, ukiacha karatasi iliyoprintiwa humo kwa muda mrefu maandishi yanahamia kwenye plastiki. Kalamu nene kwenye kitanzi cha lastiki inakivuta kinalegea moja kwa moja. Kifungo cha kubana ukikifungua shika karibu na kifungo chenyewe, usivute ncha ya mkanda, mkanda unachanika pale kwenye mshono. Na uzi ukichomoza ukate kwa mkasi mdogo, usiuvute.

Najua kuna watakaosema yote haya ya nini wakati simu ipo. Mi simu ninayo na naitumia. Lakini nawaomba wanaosema hivyo wamkumbuke Grace Scurr. Huyu mama alikuwa sekretari kwenye kampuni ya Norman & Hill ya London, iliyoanzishwa 1921, ambayo ilichukua wazo la daftari la karatasi za kutoa na kurudisha kutoka kwa kampuni ya Lefax ya kule Philadelphia, na mwaka 1930 ikasajili jina la oganaiza zake, Filofax, ambalo mpaka leo watu wanalijua. Wakati wa vita, mwaka 1940, ofisi zao zilipigwa mabomu na kumbukumbu zikateketea. Kampuni ilisimama tena kwa sababu huyu mama alikuwa ameandika majina ya wateja na wauzaji wote kwenye oganaiza yake mwenyewe na alikuwa anaondoka nayo kwenda nyumbani. Kwenye oganaiza moja ilikuwemo biashara nzima, na karatasi zake zilikuwa zimeshikiliwa na ringi zinazofunga. Watu wengi leo wana vitu kama hivyo kwenye za kwao, tarehe za dawa za mzazi, hesabu za kikundi, namba ambazo hazipo kwenye simu yoyote, kwa hiyo mtu akiniambia ni kidaftari tu simwelewi kabisa.

Ombi langu ni moja Mhariri. Chapisheni marekebisho kwenye safu ileile na kwa herufi zenye ukubwa uleule, sio kona ya chini ya ukurasa wa ndani, mseme wazi kwamba spiriti na mafuta ya kula visipakwe kwenye jalada la ngozi, na mseme oganaiza ifunguliwe kwa vikono vyake viwili. Mkiweza kumpa nafasi fundi wa ngozi aeleze anavyobadilisha ringi itakuwa vizuri zaidi, yeye ataonyesha kwa picha kitu ambacho mi naeleza kwa maneno mengi.

Na kwa wasomaji wenzangu ambao tayari mmeshafuata kile kidokezo, msikate tamaa. Toeni karatasi leoleo kabla mafuta hayajazifikia. Futeni mafuta ya juu kwa kitambaa kikavu, mwagieni poda jalada lote, acheni usiku mzima, pigeni brashi asubuhi, rudieni mpaka poda itoke kavu bila kugandamana. Pale spiriti ilipoacha baka msisugue tena kwa chochote, subirini ngozi itulie siku kadhaa, alafu losheni ya ngozi isiyo na rangi, kidogo, kwa kitambaa. Rangi iliyotoka haitarudi kwa losheni, ila ngozi itaacha kukauka, na ukitaka rangi yenyewe irudi fundi wa ngozi anazo rangi za kuchanganya, mpelekee jalada likiwa tupu na kavu.

Wako msomaji